Mkono Ambao Mtoto Amekataa Kuutumia

Asubuhi ninapompokea mtoto kutoka kwa mzazi wake, macho yangu huenda kwanza mikononi. Nguo, viatu na begi vitasubiri. Ninamnyooshea kitu anachokipenda, mdoli au kikombe chake, na kutazama atakipokea kwa mkono upi. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hawezi kusema kwamba kiwiko kinamuuma tangu jana jioni. Ukimuuliza panapouma ataonyesha kidole, au tumbo, au ataendelea kulia bila kuonyesha popote. Kinachonijulisha ni jinsi anavyojitumia: mkono ukimuuma, anaacha kuutumia kwa kazi yoyote na kuuhamishia mwenzake kila kitu. Nimelea watoto wa watu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu majeraha ya mkono nimekipata kwa kutazama hivyo, na kwa kukaa mbele ya madaktari nikiwa nimempakata mtoto anayelia.

Kisa kilichonifundisha zaidi ni cha msichana mmoja aliyekuwa akikaribia miaka miwili. Mlezi mwenzangu alikuwa akimpandisha ngazi za mlangoni, amemshika mkono wa kushoto. Mtoto akajikwaa. Mwenzangu akamvuta juu asije akaangukia uso, jambo ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Mtoto akatoa ukelele, akalia kwa dakika chache, halafu akanyamaza. Angekuwa na mlezi mwenye haraka, habari ingeishia hapo. Lakini alikaa kwenye mkeka akitazama wenzake badala ya kuwaendea. Hakuwa na uvimbe, wekundu wala mchubuko. Mkono wa kushoto tu ndio ulikuwa umelala ubavuni, umekunjwa kidogo kwenye kiwiko, kiganja kimegeukia nyuma. Nikausogeza mpira upande wa kushoto kwake. Akageuka mwili mzima ili auchukue kwa mkono wa kulia.

Nikampigia mama yake simu, tukakutana hospitali. Njiani mwenzangu alikuwa amejawa na hofu. "Dada, tusemeje? Si tuseme tu ameanguka?" Nikamwambia tutasema kama ilivyotokea. Namshukuru Mungu kwamba alikubali, kwa sababu swali la kwanza la daktari lilikuwa hilohilo: "Ameanguka au amevutwa?"

Mwenzangu akajibu huku machozi yanamlengalenga kwamba alimvuta ili asianguke. Daktari hakumkaripia. Alianza kwa kuugusa mkono mzima wa kulia, ili mtoto azoee, kisha akaja wa kushoto: akabonyeza mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, kisha bega, mfupa wa juu, akashuka hadi kifundo cha mkono na vidole, taratibu, akimtazama mtoto usoni muda wote. Hakuna mahali palipomtia mtoto uchungu isipokuwa alipojaribu kukizungusha kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Hapo akakishika kiwiko kwa mkono mmoja, dole gumba likiwa juu ya kichwa cha mfupa, na kwa mkono wa pili akakigeuza kigasha kwa ndani, kiganja kikatazama chini na kupitiliza. Nilisikia mlio mdogo. Mtoto akalia kwa nguvu. Daktari akatuambia tukae nje na mtoto, tumpe kitu cha kuchezea, tusimlazimishe. Kabla nusu saa haijatimia, alikuwa anauvuta mkufu wa mama yake kwa mkono uleule wa kushoto.

"Ndiyo tayari, daktari?" mama akauliza, haamini.

"Tayari, mama. Hahitaji picha wala plasta. Mwacheni acheze."

Nilimwomba daktari anieleze kilichotokea ndani, naye akanichorea kwenye karatasi. Kigasha kina mifupa miwili. Ule wa upande wa dole gumba una kichwa cha mviringo kinachogusana na mfupa wa juu pale kwenye kiwiko, nacho kimezungushiwa kano kama pete ili kisitoke mahali pake huku kikizunguka. Kwa mtoto mdogo kano hiyo bado ni nyembamba na haijashika vizuri. Mkono ukivutwa ghafla ukiwa umenyooka na kiganja kikitazama chini, kichwa cha mfupa huchomoka kidogo, na kano huteleza na kunaswa katikati ya kiungo. Ndiyo maana kunyanyua mkono au kuuzungusha kunauma, ilhali mkono ukitulia maumivu yanatulia pia, na mtoto anaonekana mzima.

Jambo hili huwapata hasa watoto wa mwaka 1 hadi miaka 4. Baada ya miaka 5 kano huwa imekomaa na tatizo linakuwa nadra. Mkono wa kushoto ndio unaoumia zaidi, na maelezo yanayotolewa ni kwamba watu wazima wengi hutumia mkono wa kulia, hivyo mtoto anayetembea ubavuni pao hushikwa wa kushoto. Hata mtoto asiyefika mwaka anaweza kupata, kwa mfano akijigeuza kitandani mkono ukabaki chini ya mwili wake.

Kumvuta mtoto kwa hasira ni njia mojawapo tu, wala si niliyoiona sana. Nyingi nilizoziona zilitokea katika mapenzi matupu. Watu wazima wawili wanamshika mtoto kila mmoja mkono wake na kumrusha hewani huku wakihesabu, naye anacheka na kuomba tena. Baba anamshika mtoto viganja na kumzungusha. Dada wa miaka sita anataka kumnyanyua mdogo wake na anavuta kile anachoweza kukishika. Mwingine ni yule wa kuvishwa sweta: mkono umekwama kwenye shati, mtu mzima anaingiza vidole kwenye ncha ya mkono wa nguo na kumvuta mtoto kiganja. Na kuna mtoto anayejivuta mwenyewe. Amekasirika, anajitupa chini katikati ya njia, wewe umemshika kiganja, uzito wake wote unaning'inia kwenye kiwiko.

Nilipoyajua haya, nilibadilisha mwenendo wa mikono yangu mwenyewe. Ninamnyanyua mtoto kwa kumzungushia viganja vyangu kifuani, chini ya makwapa. Ninapomvisha, ninaukunja mkono wa nguo hadi juu, ninapitisha kiganja chake kwanza, halafu ninaivuta nguo na kumwacha mtoto alipo. Akijitupa chini na hakuna hatari karibu, ninashuka naye au ninamwachia kiganja na kumshika kiwiliwili. Njiani ni suala jingine. Gari likija, mvute mtoto kwa chochote ulichokishika. Kiwiko kilichochomoka hurudishwa kwa dakika chache, na sitaki mtu yeyote asome maneno yangu kisha asite ukingoni mwa barabara.

Mara nyingi watu huniuliza kwa nini nisijifunze kukirudisha mwenyewe, maana nimeona kikirudishwa mara nyingi, na wapo wazazi waliofundishwa na madaktari wao kwa sababu mtoto wao hupatwa tena na tena. Kweli hurudia kwa baadhi ya watoto. Yule msichana wa ngazini kilimtoka tena kabla ya kutimiza miaka mitatu. Lakini mimi si daktari, na mtoto hawezi kunithibitishia kwamba hakuanguka wakati nimegeuka kumfungulia mwenzake mlango. Ukiugeuza kwa nguvu mkono uliovunjika, unaweza kuisogeza mifupa na kuumiza mshipa wa damu au wa fahamu. Kwa hiyo ninamwacha aubebe mkono jinsi anavyoona nafuu, ninampeleka, na ninachukua maelezo sahihi ya tukio.

Kuanguka ni habari nyingine kabisa, na ndiyo sababu nilikataa tuseme "ameanguka" siku ile. Neno hilo lingemfanya daktari atafute mfupa uliovunjika, pengine kwa picha ya eksirei ambayo mtoto hakuihitaji. Uongo wa upande wa pili ni mbaya zaidi. Mtoto aliyeanguka kutoka juu, watu wakasema amevutwa, anaweza kugeuzwa kiwiko ambacho kimevunjika.

Mtoto anapoanguka hunyoosha mikono mbele ili ajikinge, na nguvu yote ya mwili hupita kwenye kifundo, kigasha na kiwiko. Mvunjiko ninaouogopa kuliko yote ni ule wa mfupa wa juu, kidogo tu juu ya kiwiko. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 7, walioanguka kutoka kwenye bembea, vyuma vya kukwea au kitanda cha juu, lakini wadogo zaidi hawajasalimika. Hapo hutahitaji kupima kwa mpira. Kiwiko hufura haraka, wakati mwingine umbo lake hupinda, na mtoto hanyamazi ukimwacha ametulia. Mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye kiganja hupita mbele ya mfupa huo huo, pamoja na mishipa ya fahamu. Ninatazama vidole: je, vina rangi yake ya kawaida, vina joto kama vya mkono wa pili, anaweza kuvikunja na kuvinyoosha? Vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Mtaalamu wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza mwaka 1881 ulemavu unaoupata mkono ulionyimwa damu: misuli ya kigasha hufa, hukauka na kufupika, na vidole hubaki vimejikunja maisha yote. Ulemavu huo unaweza kuja hata baada ya matibabu, ikiwa bandeji au plasta imebana na mkono umefura ndani yake. Kwa hiyo simfungi mtoto banzi la kukaza kwa kuhisi tu kwamba nikikaza ndipo nitakapomsaidia, wala siruhusu mkono uliofura ukandwe au kuvutwa na mtu yeyote, hata awe mzee ninayemheshimu. Ninauegemeza kwenye mto jinsi ulivyo, au ninautundika kwa kitambaa shingoni ikiwa mtoto anakubali. Na mtoto akirudi na plasta, nawaambia wazazi: maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifura, au akilia unaponyoosha vidole vyake, msingoje kuche.

Lakini sipendi kumjaza mtu hofu, maana mivunjiko mingi ya utotoni ni ya upole kuliko jina lake. Mifupa ya mtoto ni laini, hupinda na kubonyea kabla ya kukatika. Mvulana mmoja wa miaka minne aliyekuwa chini ya uangalizi wetu alianguka akikimbia, akabonyea mfupa wa kigasha karibu na kifundo. Wazazi walishangaa, karibu wakasirike, alipofungwa bandeji laini tu na kuambiwa aende nyumbani. Walidhani amepuuzwa. Hakupuuzwa. Utafiti uliofanywa katika hospitali 23 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, ukiwahusisha watoto 965 wa miaka 4 hadi 15 wenye mvunjiko wa namna hiyo, ulionyesha kwamba waliopewa bandeji laini hawakuwa na maumivu zaidi kuliko waliofungwa kifaa kigumu, na kupona walipona sawa. Mtulinga nao ukivunjika kwa mtoto mdogo hushikana ndani ya wiki 3 au 4, mkono ukiwa umetundikwa tu. Baada ya hapo hutokea nundu ngumu mahali ulipovunjika, na nimeona mama akilia kwa nundu hiyo kuliko alivyolia siku ya kuanguka. Ni mfupa mpya unaojijenga. Kwa mtoto mdogo hupungua wenyewe kwa miezi inayofuata.

Kinachodai uangalifu zaidi ni mivunjiko inayopita kwenye sehemu laini za ncha za mifupa, zile zinazourefusha mfupa mtoto anapokua. Ikiponea vibaya, mkono unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi. Daktari akisema mtoto arudi kuangaliwa baada ya miezi kadhaa, arudi, hata kama anarusha mpira vizuri.

Mlango umeumiza vidole vingi kuliko ngazi na bembea kwa watoto ninaowajua. Watu wazima hulinda upande wa kitasa, kumbe upande wa bawaba ndio unaobana vibaya zaidi, kwa kuwa mlango unapojifunga mwanya ule husaga. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupenda kusimama hapo hapo akichungulia. Tuliweka vizuizi vya sponji juu ya milango ili isijifunge kabisa, na ukanda wa kuziba mwanya wa bawaba. Kidole kikibanwa, kisafishe kwa maji, kibane kwa kitambaa safi, kiinue juu. Kipande cha ncha kikikatika, kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kipande chenyewe, itakiunguza.

Kuhusu kumkinga mtoto asianguke, mambo ninayoyasisitiza ni machache. Mtoto asiachwe juu ya kitanda au meza ya kubadilishia nepi hata kwa kufumba na kufumbua. Akiwa na miezi minne anaweza kujigeuza siku ambayo hukuitarajia. Ngazi ziwe na geti juu na chini. Kitanda cha juu si cha mtoto wa chini ya miaka 6. Vigari vya kutembelea, vile ambavyo mtoto hukaa ndani na kusukuma kwa miguu, sivitaki kabisa: vinamfikisha kwenye ngazi kabla mtu mzima hajanyanyuka, na Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Wazazi wengi hukataa nikiwaambia, wakiamini vinamfundisha mtoto kutembea. Havimfundishi.

Ipo mikono isiyotumika ambayo haikuvutwa wala kuanguka. Mtoto ana homa, hataki kuguswa bega au kiwiko, pengine kiungo kina joto na kimefura. Huenda ni maambukizi ndani ya kiungo au mfupa, na kiungo cha mtoto kinaweza kuharibika kwa siku chache tu. Homa pamoja na mkono uliogoma ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Nina imani na wazazi waliofika "bure" wakakuta ni kiwiko kimeteguka kidogo. Nina huzuni na waliosubiri.

Linabaki suala ambalo watu hulikwepa. Hospitalini utaulizwa maswali mengi, na baadhi yatakuchoma: nani alikuwa naye, imetokea saa ngapi, kwa nini mmekuja leo na si jana. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa akiwa na mfupa uliovunjika, daktari ana wajibu wa kuuliza kwa kina, kwa kuwa mtoto wa umri huo hana uwezo wa kujivunja peke yake. Usichukie. Swali hilohilo linaloniudhi mimi nisiye na kosa ndilo litakalomwokoa mtoto mwingine ambaye hana wa kumsemea. Nimewaona wasaidizi wa nyumbani na walezi vijana wakificha tukio kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na mtoto akakaa na mkono mbovu hadi mzazi aliporudi usiku. Hofu hiyo waajiri ndio wanaoipanda. Ninamwomba kila mzazi amwambie mlezi wake mapema, kabla ya jambo lolote kutokea: mtoto akiumia nipigie dakika hiyohiyo, sitakufokea kwa kunieleza ukweli. Na siku ikifika, asifoke kweli.

Sisi tunaandika kila kitu kwenye daftari wakati huohuo, kabla kumbukumbu hazijaanza kujipamba: saa, mahali, mkono upi, alivutwa au alianguka, kutoka kimo gani na kuangukia nini, alilia muda gani, nani aliona kwa macho yake. Dawa ya maumivu ikitolewa, jina, kipimo na saa yake. Ninaandika pia mara ya mwisho alikula au kunywa lini, na nikihisi mfupa umevunjika simpi tena chochote mpaka daktari amwone, hata akiomba maziwa kwa machozi. Ikilazimu apelekwe chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi atataka kujua saa hiyo kabla ya kumlaza, na hilo ndilo swali ambalo familia nyingi nilizozisindikiza hazikuwa na jibu lake.